Kilio cha Injinia Constantin

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Patron Ruben, bosi wangu, amenuna tangu asubuhi. Aliuliza IA, ile akili bandia ya simuni mwake: nani fundi bora wa kompyuta na mitandao Lubumbashi? Ikampa majina matano. Sisi hatumo! Wa tano ni jamaa anayeuza vifuniko vya simu.

Angenuna tu, ningecheka. Lakini Mama Delphine, mkuu wa shule moja mtaani Hewa Bora, anataka chumba cha kompyuta arobaini, na amemwambia patron wazi kwamba haiti fundi kabla ya kuuliza IA. Asiyejulikana huko, yeye pia hamjui.

Patron ameapa: tukiipata shule, jina langu litaandikwa kwenye bango la mlangoni. Plamedie, fundi mkuu. Miaka mitatu napanda mapaa ya watu, na mlangoni kuna jina lake tu. Nalitaka lile bango. Sitajifanya sijali — nalitaka sana.

Jumanne, 9 Septemba

Nimetazama video za bwana mmoja wa Kinshasa anayefundisha namna ya kupendwa na IA. Inapenda anwani moja kila mahali. Maswali na majibu. Habari za kazi zilizofanyika kweli. Na mtaalamu mwenye jina.

Anwani yetu! Facebook inasema tuko "baada ya boulangerie". Duka hilo la mikate lilifungwa kabla sijaanza kazi. Kwenye tovuti tuko "mbele ya mti mukubwa". Mti ulikatwa, ukawa makaa. Ningekuwa IA, hata mimi ningetuacha.

Nimerekebisha. Kisha nimeandika habari kumi na moja za kazi, zote zangu. Duka la dawa la Papa Désiré, hapa hapa Naviundu: radi imeunguza antena, mvua inapiga, mimi juu ya paa bila viatu. Printa ya Mama Cathy iliyomeza mjusi. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Jumatano, 10 Septemba

Patron amesoma. Amefurahi. Kisha amefuta jina langu mara kumi na moja.

"Ma fille, binti yangu, usikasirike. Bantu bakisoma asema mutoto mwanamuke njo anapandaka toiture, paa ya bantu, banaogopa. Tutie jina ya mutu mukubwa."

"Mutu gani, patron? Tuko babili tu, mi na we."

Akatazama dari. "Injinia Constantin Mwape. Miaka makumi mbili na mbili ya expérience."

Ndivyo alivyozaliwa: kwenye kiti cha plastiki, baba yake akitafuna karanga. Picha hana. Patron anasema Constantin hapendi picha. Nikalichapa jina lake mara kumi na moja. Ndivyo nilivyo — natii kule, nakuja kutukana hapa. Constantin, mbwa we!

Jumamosi, 27 Septemba

IA imetujua! Na sisi ndio wa kwanza! "Ruben Réseaux, inayojulikana kwa mtaalamu wake, Injinia Constantin Mwape…" Halafu ikaongeza kwamba alisomea Ubelgiji. Hakuna aliyeandika hivyo! Patron na IA wamekutana, kila mmoja anamwongezea mtoto vyeo. Patron amecheza katikati ya duka, tumbo likitangulia.

Saa nane Mama Delphine akapiga simu. Anamtaka Constantin. Mwenyewe, kwa miguu yake.

Jumatatu, 29 Septemba

Asubuhi patron alimwambia Mama Delphine kwa simu kwamba Constantin yuko Kolwezi, mgodini. Mchana akawa Mokambo, mpakani. Patron akaniuliza kesho tumweke wapi. Nikasema gerezani.

Nimetumwa shuleni badala yake. Mama Delphine alinitazama kuanzia viatu. "Njo we aide yake?" Yaani mimi ni msaidizi wa Constantin! Nikapima chumba, nikakagua plagi. Nyaya za umeme zimepitishwa chini ya dirisha linalovuja! Nikamweleza: mvua za kwanza tu, kompyuta zote arobaini zitaungua. Aliandika kila neno. Kisha akainua kalamu: "Na Constantin, yeye anasema aje?"

Nimerudi nikikanyaga vumbi kwa nguvu. Nina hasira na mtu ambaye hayupo. Inachosha, kwa sababu hata kumgombeza huwezi.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mama Delphine amechoka. Jumamosi anakuja dukani: amwone Constantin, ama atafute watu wengine.

Nikasema kwa utani: "Patron, si tumuue tu?"

Akaweka karanga chini. Hapo nikajua nimeharibu.

"Plamedie, iko muzuri ile! Yeye anakufa, we njo unabakia. Tunasema njo yeye alikufundisha yote."

Saa sita tangazo lilikuwa Facebook, pamoja na picha ya mshumaa. Ugonjwa mfupi. Na mimi nilikubali. Niliwaza: huyu akifa, bango ni langu. Mungu anisamehe, nilimuua kwa furaha.

Ijumaa, 3 Oktoba

Tulisahau jambo moja, na sisi ni watu wa hapa hapa — aibu yetu! Mji huu mtu hafi kimya. Simu tangu alfajiri: kilio iko wapi, yaani matanga yako kwa nani? Papa Désiré ameleta gunia la makaa na kuku wawili. Mama Cathy na kwaya yake wamekuja kuuliza marehemu alipenda nyimbo gani. "Yote," akasema patron. Sasa turubai limefungwa uani, viti vimekodiwa, matawi ya mchikichi yamesimikwa barabarani kuonyesha kuna msiba. Na mwili? Familia imeshauzika Mokambo, anasema patron, uso mkavu.

Mbaya zaidi, watu wameanza kumkumbuka! Mama Cathy analia kweli, mkono wake begani kwangu: "Alitengenezaka imprimante yangu, nikamupatia jus, akakatala. Mutu wa discipline!" Printa ile niliitengeneza mimi, na jus, juisi yake, niliikataa mimi! Ilikuwa ya moto.

Nimeuliza IA. "Baada ya kifo cha mtaalamu wake pekee, kampuni hii huenda haina tena fundi wa mitandao." Ikapendekeza yule wa vifuniko vya simu. Nimezima simu.

Jumamosi, 4 Oktoba

Naandika haraka. Niko chumba cha seva, nyuma ya duka, mlango nimeufunga kwa ufunguo.

Ua umejaa. Mama Delphine amekuja na kitenge cheusi, akaketi mbele. Patron akanipa karatasi nisome kazi za marehemu. Habari zangu kumi na moja, jina lake kila mahali.

Nikasoma. Watu wakalia. Nami nikalia, na si maigizo. Miaka mitatu hakuna aliyetikisa hata kichwa kwa kazi hizi. Leo zinaliliwa na ua mzima, na anayeliliwa ni yeye. Iliniuma vibaya sana.

Nilipofika kwenye habari ya duka la dawa, Papa Désiré akasimama, kofia mkononi.

"Pardon. Ile siku, mi njo nilishikaka échelle. Njo we ulipanda, Plamedie, na mvua ile yote. Ule Constantin, mi sikumuona."

Mama Cathy akaacha kulia, akanitazama. "Jus…" akasema polepole.

Patron akaruka: "Tupumuzike kidogo! Sucré iko, soda ya kila mutu!" Mimi nikakimbilia huku.

Sasa ananong'ona kwenye tundu la ufunguo. Niseme Constantin alikuwa chini, ameshika ngazi. Nimemwambia ngazi ilishikwa na Papa Désiré. "Basi alishika muguu ya pili!" Anasema pia nikimwaga siri, nisahau bango.

Nyuma yake sauti ya Mama Delphine, haina haraka hata kidogo: "Papa Ruben, utoke pale. Plamedie, mama, bile ulinielezaka kule kwa shule yangu, ya dirisha na mvua — ilikuwa ya Constantin ao ya kwako? Minangojea."

Karatasi iko gotini. Nimelipiga mstari jina la Constantin, mara kumi na moja. Pembeni bado sijaandika kitu.

Uani kwaya imeanza tena kumuaga. Patron anagonga. Mama Delphine hajaondoka, naona viatu vyake chini ya mlango. Nimesimama, daftari nimeliegemeza ukutani, naandika vibaya — mkono wa pili umeshaingiza ufunguo kwenye kitasa, nafungua