Mstari Tuliounyamazia

Shinyanga,
Jumapili asubuhi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua barua hii utasomewa na mdogo wangu Zuhura, nawe umesimama karakanani na randa mkononi, kwa hiyo namwomba asome polepole na asiruke chochote kwa kunionea huruma. Mgongo unaendeleaje? Na Mama, kifua kimepoa, au bado anakohoa na kuzisingizia mbao zako? Mimi ni mzima. Malaria ilinikamata mwezi uliopita, ikanilaza siku tatu, ikaniachia. Jua la huku bado sijalizoea. Nikikumbuka baridi ya Lushoto asubuhi naona nilikuwa tajiri bila kujijua.

Kabla ya yote, geuza karatasi hii. Utaona namba moja tu, mia na nne, imepigwa chapa kutoka juu mpaka chini. Usidhani mwanao amerukwa na akili. Karatasi za kuandikia madukani hazipatikani, na mimi ninalo furushi zima la namna hiyo, zito kama tofali. Habari za furushi hilo ndizo habari zangu zote, na jibu la barua yako limo humo humo.

Barua yako niliipata Jumatano. Umesema umeniombea nafasi ya ukarani kwenye kiwanda cha mbao, na kwamba meneja anangoja jibu kabla ya mwezi kwisha. Umesema pia kwamba kuwafundisha watoto kompyuta mahali ambapo kompyuta haipo ni kumfundisha mtu kuogelea kwenye vumbi. Nilicheka, Baba, halafu nikakasirika, halafu nikacheka tena. Ni kweli haipo. Iliyo karibu nasi iko Dar es Salaam, katika chumba kile chenye baridi ambamo nilifanya kazi miaka minne kabla sijaletwa huku kufundisha hesabu.

Lakini sikiliza tunavyofanya. Wasukuma wana bao lao, wanaliita isolo, na watoto wamelicheza tangu hawajaota meno yote. Basi nimewachimbisha mashimo nyuma ya darasa. Kila shimo ni mahali ambapo mashine inaweka namba, na namba zenyewe ni kete. Mwanafunzi mmoja anakaa chini, yeye ndiye mashine. Mwingine anasimama na karatasi ya maagizo, anasoma mstari mmoja mmoja. Sheria ni moja: mashine haina akili, inafanya ilichosomewa na hakuna zaidi. Ninao kumi na wanne, wa kidato cha pili na cha tatu, saa moja kila siku kabla ya mapumziko, saa ambayo zamani walilima shamba la pamba la shule. Programu ikiwa tayari, tunaiandika kwa herufi kubwa na kuipeleka kwa treni kwa Rajabu, rafiki yangu wa chumba kile cha mashine. Akinamama wa pale wanaitoboa kwenye kadi ambazo mashine inazisoma, Rajabu anazipitisha humo mashine ikiwa haina kazi, na jibu linarudi kwa treni hiyo hiyo. Inachukua wiki tatu. Watoto wanangoja kama wanaongoja mvua.

Programu yetu ya kwanza ilihusu mvua hasa. Shule ina chombo cha kupimia mvua, na wanafunzi wana daftari la mwaka mzima. Tuliitaka mashine ipitie miezi kumi na miwili, itutajie kila namba inayoiona, mwisho iseme ni mwezi gani ulinyesha kuliko yote. Maagizo niliyaandika mimi ubaoni, wao wakanakili. Tukaijaribu nyuma ya darasa. Mashine siku hiyo alikuwa Minza, binti wa wakulima wa tumbaku wa Ushetu, mpole, mwenye vidole vyepesi sana. Akapita shimo baada ya shimo, akamaliza kumi na mawili, akasema mwezi wa nne. Sahihi kabisa. Tukapiga makofi, nikaipeleka stesheni mwenyewe.

Baada ya wiki tatu likarudi furushi. Mashine ilitaja mvua ya Januari, mia na nne, ikaitaja tena, na tena, mpaka mkubwa wa Rajabu akaingia akakuta karatasi zimejaa sakafuni. Rajabu alipewa maneno ambayo hakuyaandika yote. Aliandika tu kwamba mkubwa wake ameturuhusu mara moja zaidi, na ikiharibika hiyo, tusitume tena. Mkuu wetu wa shule naye akaliona furushi. Akaniambia kwamba jaribio la pili likishindwa saa ile inarudi kwenye shamba la pamba, maana pamba angalau inaonekana. Wazazi walikuwa wameshaanza kumsema. Kijana akienda Geita kuchimba dhahabu na mjomba wake hurudi na kitu mkononi, na mimi nilikuwa nawarudishia watoto wao tofali la karatasi.

Nikakaa na maagizo yale jioni nzima, kosa nikaliona. Nilisahau mstari mmoja: sogea kwenye shimo linalofuata. Mashine ilikaa kwenye Januari kwa sababu hakuna aliyeiambia iondoke. Sasa swali likawa, Minza aliondokaje?

Kesho yake nikauliza. Wote wakainamia madaftari. Nikamuuliza Minza mwenyewe, akatazama vidole vya miguu. Nikapandisha sauti, unajua hasira zangu nimezirithi wapi. Mwisho akasimama Shija, mkubwa wao, mtoto wa msusi wa mikeka hapa mjini.

"Mwalimu, tuliona," akasema. "Wote tuliona. Lakini ulikuwa umeandika wewe. Tungesemaje?"

Waliliona kosa langu wote kumi na wanne, wakalifunika kwa heshima. Minza alisogeza mkono wake mwenyewe ili mwalimu wake asiaibike. Alinistahi, Baba, na kunistahi kule ndiko kulikotuangusha, kwa sababu mashine ya Dar es Salaam hainijui na haikunistahi.

Nilitaka kugomba. Ndipo nilipokumbuka mlango wa mama mdogo. Nilikuwa na miaka kumi hivi, nimekushikia ubao. Ulipima, ukaweka alama, na mimi nikaona umesoma kipimo kasoro inchi mbili. Nikanyamaza. Mtoto wa nani amwambie fundi kwamba amekosea? Ukakata. Mlango ukawa mfupi, ukaupigilia kipande chini, na kipande hicho kipo mpaka leo. Uliniuliza kama niliona, nikasema sikuona. Sijawahi kukuambia ukweli wa siku ile, nakuambia leo.

Basi nikaanzisha utaratibu mpya. Kila siku ninaandika maagizo ubaoni na ninaficha kosa moja kwa makusudi. Hakuna anayetoka kwenda kunywa uji mpaka mmoja wao aniambie, kwa mdomo, mbele ya wenzake, kwamba nimekosea na wapi. Siku ya kwanza hakutoka mtu. Siku ya pili hakutoka mtu. Nilikaa nao, na mimi bila uji, tunasikia wenzao wanagonga vikombe nje. Nilikuwa na njaa kuliko wao, lakini niliapa sitakuwa wa kwanza kuondoka.

Siku ya tatu Minza akaja mpaka mbele. Akapiga goti kama binti wa Kisukuma anavyomwamkia baba yake, macho chini.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. "Mstari wa tano umekosea."

Nikaitikia marahaba, nikaufuta mstari, tukaenda kunywa uji. Tangu hapo imekuwa ndiyo desturi ya darasa letu, goti na shikamoo kwanza, kosa baadaye. Wameipenda mno. Shija alikwenda kumpigia goti mkuu wa shule mstarini, mbele ya shule nzima, akamweleza kwamba amehesabu wiki za muhula vibaya. Alikuwa sahihi, na alifyeka nyasi siku mbili kwa usahihi wake. Mimi niliitwa ofisini. Nilisema mtoto hakukosa adabu, na kwamba kama anataka kumwadhibu mtu aniadhibu mimi niliyemfundisha. Akaniangalia sana, akasema anangoja hiyo karatasi ya pili.

Tulipoiandika upya niliikagua mara nne. Niliwaambia leo sikuficha kitu, hii ndiyo ya kwenda Dar, nakilini. Niliweka kalamu mfukoni. Minza akaja, akapiga goti, akasema mashine itasoma mashimo kumi na moja tu, Desemba itabaki nje. Nilimwambia haiwezekani. Hakuinuka. Nikahesabu kwa kete, shimo kwa shimo, na ilikuwa kweli. Lile sikuliweka mimi kwa makusudi, Baba. Lilikuwa langu kabisa, na ningelituma.

Jibu lilifika Alhamisi, siku moja baada ya barua yako. Safari hii halikuwa furushi, ni karatasi moja, haijajaa hata nusu. Miezi kumi na miwili imetajwa kila mmoja na mvua yake, na chini yake: mwezi wa nne. Minza aliishika kwa ncha za vidole asiichafue. Nilishindwa kujizuia, nikatoka nje nikajifanya natazama mashimo. Mkuu wa shule ameibandika ukutani ofisini kwake na kutuachia saa yetu mpaka mwisho wa mwaka. Baada ya hapo tutaanza upya kumbembeleza. Rajabu ameandika kwamba mkubwa wake ameuliza hao watoto ni nani, na wakimaliza shule wanataka kufanya nini.

Nisalimie Mama, mwambie shuka aliyonifumia ndiyo iliyonifunika siku za homa. Zuhura, ahsante kwa kusoma, na usiache shule hata wakikutafutia mchumba mwenye pikipiki. Mfikishie salamu zangu babu anayeadhini, na shangazi wa Soni muuza mapera. Mwambie mama mdogo kwamba mlango wake ulinifundisha zaidi ya chuo, na nikija likizo nitautengeneza upya.

Limebaki lile la kiwanda cha mbao. Najua ulivyojidhili kwenda kuniombea, wewe usiyependa kuomba, na moyo unaniuma. Ningeweza kukuandikia kwamba ninalifikiria, ukangoja, mwezi ukaisha wenyewe, na heshima ikabaki mahali pake. Mlango ule niliuona nikanyamaza. Leo sinyamazi. Mwambie meneja ampe nafasi hiyo kijana mwingine.

Naandika haya nimepiga goti kwenye sakafu ya chumba changu, karatasi juu ya kitanda, na sikutanii. Shikamoo, Baba. Hapa umekosea.

Mwanao,
Abedi