Uliyemngoja Loveth Aseme

Kumbukumbu ya Mzee Raimundi Ndunguru wa Maguu, Mbinga

Baba Sebastian, leo umetimia mwaka tangu asubuhi ile ya tarehe 24 Juni ulipotutoka, kahawa ikiwa bado inaiva mitini. Aliyetupa ndiye aliyechukua, nami nimekubali. Ila mara mbili tatu nimekupakulia ugali kwa kusahau. Na nina habari za kukupa.

Watu wanakukumbuka kwa mengi. Kwa kofia yako ya sufi uliyovaa hata jua la Oktoba. Kwa kuchelewa misa kwa sababu ulimsalimia kila mtu njiani, kisha ukaimba besi ambayo hakuna aliyekuomba. Mimi nataka kukumbuka jambo moja, maana hapo nilikosea mimi, ukanyoosha wewe, bila kunisema.

Binti yetu Edina alipofariki kule Mbamba Bay, tulimpandisha mwanawe Loveth huku kwetu milimani. Alikuwa na miaka minane. Nilifikiri dawa ya msiba ni kusahau. Nikafungia picha ya Edina sandukuni, nikakataza jina lake lisitajwe mbele ya mtoto. Akilia, nilimwambia, "Nyamaza, mama yako yuko kwa Mungu." Akanyamaza kweli. Akanyamaza nyumbani, akanyamaza na darasani. Kila Jumatatu tumbo linamuuma. Nikampa dawa ya minyoo. Nikamkalisha kwenye kigoda: "Una nini? Sema!" Hakusema.

Siku ya kufunga shule wazazi tulikaa uwanjani, majina yakasomwa kuanzia wa kwanza. Loveth alikuwa wa sitini na nane, wa mwisho kabisa. Mimi niliinamisha kichwa. Wewe ukasimama, ukapiga makofi peke yako. Jirani yetu Pankras akakuvuta koti: "Mzee, kaa chini, huyo ameshika mkia!" Ukamjibu, "Wa kwanza ameshapigiwa na kijiji kizima. Huyu ana mimi tu." Watu wakacheka, nawe ukacheka nao, ukaenda kumshika mkono mjukuu wako mkarudi nyumbani.

Likizo ile ukampa kazi ya kuzungusha mashine ya kumenya kahawa. Wewe unamimina, yeye anazungusha, wote mnatazama maganda yakitoka. Hukumuuliza kitu. Nikakuuliza mimi, "Mtoto anafeli, nawe unamfanya kibarua?" Ukasema, "Mama Sebastian, tukimkazia macho anajifunga. Hapa hakuna anayemtazama. Atasema akiwa tayari."

Ikapita wiki, ikapita ya pili. Wiki ya tatu nilikuwa napepeta mahindi karibu na mlango, nikamsikia: "Babu, sauti ya mama inanipotea." Hukuacha kumimina. Ukasema taratibu, "Hata mimi kuna siku inanipotea. Tumuulize bibi, ndiye aliyemzaa. Bibi! Edina alikuwa anachekaje?"

Nikaacha ungo pale pale. Tulilia wote watatu. Jioni ile nikaitoa picha sandukuni.

Shule ilipofunguliwa ulikwenda kumwona Mwalimu Dorah, yule aliyehamia kutoka Tabora. Ulimwomba asimsimamishe mbele ya wenzake, bali amwite mezani kwake amuulize polepole. Akakwambia, "Babu, nina watoto sitini na nane." Ukasema, "Najua, mwalimu, na wote ni wako. Mimi nimekuja kwa huyu mmoja." Alikusikiliza, Mungu ambariki. Kidogo kidogo Loveth akaanza kunyoosha kidole.

Ulipoondoka, hofu yangu ilikuwa hiyo moja: mtoto atarudi kwenye ukimya. Na kweli, Jumatatu ya kufungua shule mwezi wa saba, tumbo likamuuma. Lile neno langu, nyamaza, lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalimeza. Nikakaa naye kitandani, nikamuuliza, "Unamlilia babu?"

Akaniuliza, "Kwani naruhusiwa, bibi?"

Baba Sebastian, swali lile liliniumiza kama siku ya mazishi. Nikamwambia, "Unaruhusiwa, mwanangu, leo na kesho." Tukalia. Tukasali fungu moja la rozari, tukanawa uso, nikamsindikiza mpaka mlango wa darasa. Tulikuwa tumechelewa sana. Mwalimu Dorah alimwonyesha tu nafasi yake, akasema, "Karibu, ulikuwa unakosekana." Hajakosa shule tena kwa ajili ya tumbo.

Sasa yuko darasa la sita. Juni hii amekuwa wa kumi na tisa. Akirudi ananisimulia mpaka mboga inaungua. Ana rafiki, Getrude, wanagombana na kupatana mara tatu kwa siku.

Jumapili hii, saa tatu asubuhi, ni misa yako ya kumbukumbu hapa Maguu. Somo la kwanza atasoma Loveth. Aliomba mwenyewe. Nilimuuliza, "Na machozi yakikujia katikati, mbele ya watu wote wale?"

Akasema, "Nitangoja kidogo, bibi, halafu nitaendelea."

Unakumbukwa na mkeo Kunigunda, wanao Sebastian, Bonifasia na Rodrick, wakwe zako, wajukuu wako wote, Loveth akiwa mbele, na jirani yako Pankras, anayesema ubishi wenu haujaisha.

Raha ya milele akupe Bwana. Kukukumbuka hatutaacha, siku zote tulizopewa.