Cleophace amekuta matanga yake

Prude, acha unachofanya. Cleophace amefika kwao akakuta matanga yake mwenyewe!

Ile kompyuta ya kwao Nyaishozi, ndiyo seva ya gemu tunalocheza wote. Leo akiwa Ndama ameiunganisha aiendeshe kwa simu, kwenye brauza. Ikakubali! Nyumbani hakumwambia mtu.

Mama yake, Mama Benadeta, anafagia sebuleni, anaona mshale unatembea wenyewe kwenye skrini. Akaita majirani, maombi yakaanza.

Cleophace akafungua kamera ya kompyuta, akawaona wanatetemeka. Anapiga simu, mama hapokei. Si angenyamaza? Akaandika kwa herufi kubwa: MAMA USIOGOPE, NI MIMI CLEOPHACE, NIKO HUMU NDANI.

Humu ndani, Prude! Mwanao ameaga anaenda Ndama, halafu anakwambia yuko humu ndani!

Kilio kikafika barabarani. Cleophace akadandia bodaboda. Kufika, turubai limeshafungwa, mwinjilisti anachagua nyimbo. Watu kumwona wakatokomea migombani.

Mama peke yake hakukimbia. Akamgusa shavu, akaona ni la moto. Akalizaba kofi.

"Ndizi zimeshamenywa, hazirudi mgombani. Kaa hapo ule matanga yako."