Dole Gumba Chini ya Lori la Maji

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji kanunua rangi bila kuniuliza. Nyeusi ya mafuta, ile ya kupaka mageti! Nimemwambia chesisi, mifupa ya gari, si geti. Geti halipigwi mawe barabarani, halilali matopeni. Kanijibu mbele ya mafundi wote: mteja anaangalia kama inang'aa tu, shem. Nikarudi chini ya gari. Siku hizi nanyamaza kuliko hata marehemu.

Marehemu mume wangu asingekubali. Kwake ilikuwa kukwangua mpaka chuma cheupe, kufuta mafuta, praima ya zinki ya kuzuia kutu, kisha epoksi ya kuchanganywa na dawa yake ya kukaushia, koti mbili. Na kusubiri. Tabaka la mwisho kabla halijakauka alibonyeza dole gumba ndani ya fremu, mahali pasipoonekana. "Jina langu hilo," alisema. Ndiyo maana gereji yote inaitwa Kwa Dole. Mwaka wa tatu huu hayupo, na bado watu wanaleta magari kwa Dole. Anayelala chali chini ya magari ni mimi.

Jumanne, 4 Machi

Limeingia lori la maji. Dereva ndiye mwenye mali, mzee mchangamfu, mdomo hauna pazia. Anasema marehemu aliipaka chesisi hii miaka minane iliyopita. "Dole hakuwa na mchezo. Nipakie kama yeye, mama."

Niliposikia hivyo nikapata nguvu. Nikamwambia shemeji rangi yake ya geti irudi dukani. Tumezozana mpaka mafundi wakazima mashine wasikilize. Mwishowe akakubali epoksi, ila ati nina kichwa kigumu kama kaka yake. Nimeichukua kama sifa.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Chuma kinatoka jasho, hakishiki rangi. Shemeji anazungukazunguka anatazama saa. Azunguke.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui niandikeje.

Nimeanza kukwangua. Rangi imetoka kwa mapande, kama ganda la yai la kuchemsha. Chini yake hakuna praima, hata tone! Kutu, na juu ya kutu rangi ya mafuta. Ya geti. Nikasema huyu si yeye, kuna fundi mwingine alipitia hapa. Nikatambaa mpaka nyuma, juu ya ekseli, nikamulika tochi.

Dole gumba. Na lile kovu lake katikati, alipokatwa na bati mwaka tuliooana.

Miaka minane iliyopita nilikuwa namletea chakula hapa hapa, namkuta ametapakaa rangi mpaka kope, naona fahari. Mjinga mimi!

Nimemwambia shemeji. Hakushtuka. Kacheka, tena si kwa ubaya. Kauliza mimi nadhani yeye rangi ya geti alifundishwa na nani. Gari la mtu mkubwa, kaka alilipaka kwa praima na koti mbili. La mtu wa kawaida, liende tu. "Akiwa na haraka ndipo alipobonyeza dole kwa nguvu, shem."

Ijumaa, 7 Machi

Bisibisi imepenya. Pale pale fremu inapobeba tangi, shubiri moja kutoka kwenye dole lake. Nimesukuma kidogo tu, ikazama mpaka kwenye mpini. Pale panataka kukatwa na kuchomelewa chuma kipya. Siku moja tangi likiwa limejaa, kwenye mteremko, patakatika. Na mzee yule atakuwa mbele, anaongea.

Shemeji hataki kusikia. Kukata fremu ni lazima mzee aelezwe sababu. Aelezwe nini? Kwamba Dole alimlaghai? Gereji nzima imesimama juu ya jina hilo, hata sahani yangu mwenyewe ya chakula. "Usimfukue kaka yangu," kasema, na mara hii hakucheka.

Kuhusu sahani kasema kweli. Hilo ndilo linaloniuma.

Nimelia stoo. Si kwa huzuni — kwa hasira. Ningempata leo ningemtukana mpaka sauti ikauke, lakini nagombana na nani? Amekwenda zake na sifa, mimi kaniachia kutu.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi nimekuta tundu limezibwa puti, ule udongo wa kujazia mabonde ya bodi. Limesuguliwa likawa laini, ukipitisha kiganja huhisi kitu. Shemeji mikono myeupe kwa vumbi. Kazi safi kabisa! Angekuwa na bidii hii kwenye praima.

Chesisi yote nimeshaikwangua, isipokuwa mahali pa dole. Nilipeleka brashi ya waya mara tatu, mkono ukakataa.

Mzee kaja mapema. Kavua koti, kalala chali chini ya lori na umri wake wote. "Dole bado lipo, mama? Usilifute hilo, ndiyo bahati yangu. Nimulikie nilione."

Shemeji alikuwa upande wa pili wa gurudumu. Akakohoa. Akasema betri za tochi zimekwisha, baba, utaliona siku nyingine. Mzee akasema hana haraka.

Nikasema nafuata betri stoo. Ndipo nilipo, naandika nimesimama, daftari juu ya mkebe wa epoksi usiofunguliwa. Tochi nimeijaribu. Inawaka vizuri tu.

Mzee anaita. Shemeji anaita pia, kwa sauti nyingine.

Nimechukua tochi. Nimechukua na bisibisi ile ya jana; puti haitaizuia.