Zeu, Jupita na Zahra wa Kwanza

Mwende wangu,

Sisi tu wazima. Ng'ombe amezaa, na babu yako amewekewa meno mapya, sasa anacheka hata msibani. Jirani yetu Mama Ndinda ananiandikia hii, nami nimemkataza kunyoosha maneno yangu.

Umeniuliza swali la mtoto wa bosi wako huko Riyadh: Zeu wa Wagiriki na Jupita wa Warumi ni mungu mmoja au wawili? Shule sikuingia, lakini hilo nalijua. Ni wawili.

Nilipokuwa mfanyakazi wa ndani Jeddah, madamu aliniita Zahra, jina la msichana aliyenitangulia, kwa vile nyumba ilishalizoea. Nikaitika. Siku moja mama mzazi wa madamu akanifokea, "Zahra, kwa nini ulivunja birika langu la kahawa?"

Birika hilo lilivunjika kabla sijapanda ndege. Ni kama huyo Jupita ulivyonieleza: walipomwambia wewe ndiye Zeu, akabebeshwa wanawake wote wa Zeu, hata asiowahi kuwaona.

Kwa kujibu tu wangeweza kunirudisha nyumbani, na mama yako alikuwa anasoma kwa jasho langu. Nikasema, "Mama, birika alivunja Zahra. Mimi ni Kamene."

Akajaribu kulitamka jina langu, akakosea vibaya. Lakini tangu hapo nikagombezwa kwa makosa yangu mwenyewe, na hayakuwa machache.

Nasikia nawe wanakuita Roza, kama yule aliyeondoka. Waambie jina lako leo, kabla hujajua Roza alivunja nini.

Nyanya yako akupendaye,
Kamene