Uvimbe wa Siku ya Mnada

Haydom, Agosti 1998

Dada Safina,

Salamu nakupa, maana kwetu hata mtu wa namna yako husalimiwa. Vitunguu saumu tumeshavuna.

Nasikia unawauliza wateja wa hoteli yako kama mume wangu Evarist amekufa. Hajafa. Alivimba chini ya taya, nikamleta hospitali nikilia, kwa sababu kaka yake alifariki kwa uvimbe wa shingo ulioanzia kwenye jino: kinywa kiligoma kufunguka, kumeza kukamshinda, pumzi ikaziba.

Evarist kinywa kilifunguka chote. Daktari alipobonyeza chini ya taya, usaha ukatoka chini ya ulimi.

“Hii ni tezi ya mate,” akasema. “Ukitamani chakula mate yanakuja, yanakosa njia, inavimba. Huvimba lini?”

Mjinga yule akasema kweli: “Siku za mnada Dongobesh, nikila pilau kwa Safina.”

“Na nyumbani?”

“Nyumbani haivimbi sana.”

Tangu anioe namsongea ugali, Safina, na tezi yake haijashtuka!

Anapewa dawa, na ameambiwa anyonye ndimu ili mate yasukume uchafu utoke. Jana ndimu zilikwisha. Nikamwinamia, nikataja pilau yako tu. Uvimbe ukapanda nikiuangalia, kisha mate na usaha vikatoka, akapata nafuu.

Basi usije kumwona. Jina lako linatosha, na nitamtajia mwenyewe, asubuhi na jioni, mpaka apone.

Ni mimi, mke wake wa kanisani,
Letisia