Vikombe Thelathini na Saba

Mama,

Siwezi kuanza kwa kukuuliza hali, wala siwezi kukwambia kwamba mimi sijambo, maana ningekuwa nakudanganya, na huko uliko sasa hudanganyiki. Nina hofu. Hiyo ndiyo salamu yangu. Leo ni Ijumaa, adhuhuri, jirani zangu wamekwenda kuswali na barabara ya Kilwa imetulia. Nimefunga mlango wa duka kwa komeo, nimekalia debe, naandika juu ya paja. Kesho asubuhi atakuja mtu kuchukua jibu kwangu, na sina mwingine wa kumweleza kabla hajafika.

Tangu tukuzike zimepita Jumapili kumi na moja. Najua ulidhani moto wa uji wako utazimika siku ile ile. Mie mwenyewe nilikusudia uzimike. Jumapili ya kwanza nilitoka kanisani nikajifungia ndani, nikanyamaza kama mdaiwa. Mara nikasikia kuni zinapasuliwa uani kwangu. Ni Bi Mwanaidi, shoga yako, amekuja na nazi zake nne, kajifunga kanga kiunoni, na watu wameshajipanga tangu ukutani mpaka kwenye michongoma. Aliniambia bila hata kunitazama, "Wewe Damiano, njaa haina habari kwamba mamako kafa." Nikatoa unga.

Tangu hapo natoa pishi tatu kila Jumapili, kama ulivyokuwa ukitoa wewe, na kila Jumapili nakasirika kama nilivyokuwa nikikasirika ulipokuwa hai. Hilo halijabadilika.

Marehemu hasemwi vibaya, lakini hii ni barua yetu wawili. Nilikuwa na miaka tisa, hata mwaka haujatimia tangu meli itushushe kutoka Lindi, ulipochukua shuka langu ukampa kuli wa bandarini kwa sababu alikuwa na homa. Mie nikalala nimejikunja kwenye gunia. Asubuhi ukaniambia, "Wewe una mama, yeye hana." Nimelibeba neno hilo miaka ishirini na mitano, nimelipiga hesabu kila upande, halinijii sawa. Mama si shuka, Mama. Baridi ilikuwa baridi.

Ndipo nikajiapiza nitakuwa mtu wa vitu vyangu. Nilifagia miaka mitatu kwenye duka la fundi bati Kariakoo, hanifundishi, namwangalia tu mikono, mpaka nikajua kukata, kukunja na kulehemu kuliko vijana aliowafundisha. Hakuna aliyenishika mkono. Duka hili, mkasi huu, nyundo hii, vyote nimevitoa jasho, na leseni ya ukutani ina jina langu. Inakwisha mwisho wa mwezi huu. Shika hilo neno, nitalirudia.

Unakumbuka vile vikombe. Watu wako walikuwa wakinywea vifuu na makopo ya maziwa, midomo inakatika, nikaona aibu, nikakutengenezea vikombe vya bati vizuri, vyenye mkono. Mwezi wa kwanza vikapotea tisa. Tisa, Mama. Wewe ukasema huenda waliovichukua hawana cha kunywea nyumbani. Mie nikatengeneza vingine, na safari hii nikachukua msumari nikagonga jina la mtu kwenye kitako cha kila kikombe. SAIDI. HOSEA. BI MWANAIDI. Nikavitundika ukutani kwa mstari, kila mtu na chake, asiye na chake asubiri. Tangu siku ile hakikupotea hata kimoja. Ni thelathini na saba, na bado vipo.

Ulivigeuza kimoja kimoja, ukaniambia, "Bwana wetu alilisha watu elfu tano, hakuandika jina la mtu." Nami nikakujibu kwamba vilibaki vikapu kumi na viwili, na tusingejua kama ni kumi na viwili kama hapakuwa na mtu wa kuhesabu. Ulicheka hadi ukashika mbavu. Ukamwita Bi Mwanaidi uani ukamhadithia, naye akasema huyu mwanao atafika peponi aanze kuhesabu malaika. Ni siku moja katika chache nilizokushinda.

Lakini kikombe chako ulikataa kisiandikwe. Ulisema ukiwa na kikombe chenye jina, atakayekuja siku huna habari naye atanywea nini. Kinaning'inia pale mwisho wa mstari, kitako cheupe.

Sasa nikueleze kilichotokea.

Jumatatu alikuja mtu kanisalimu kwa adabu, kavaa kanzu safi na kofia ya kufuma, kaleta taa ya chemli inayovuja. Nikaipokea. Viatu vyake ndivyo vilivyomsaliti, viatu vya askari, vyeusi, vimepigwa kiwi. Nikajua ni askari kanzu, lakini nilijua nikiwa nimechelewa, maana alikwisha kuingia katika mazungumzo nami nilikwisha kuingia katika kiburi changu. Alisema amesikia kwamba nyumba hii ni ya kheri, inalisha watu. Wangapi, mathalani, wanakuja? Na mie, Mama, mwanao mjinga, nikamjibu papo kwa papo, "Thelathini na saba wana vikombe. Jumapili iliyopita walikuja arobaini na mmoja." Hakuniuliza mara mbili. Nilijisikia ninavyosema, kama mtu anayesifia mbuzi wake sokoni.

Akainuka akaenda ukutani. Akateremsha kikombe kimoja, akakigeuza, akasoma. Kilikuwa cha Mwalimu Hosea.

Unamjua Hosea kuliko mie, wewe ndiye uliyemlea katika uji ule alipokuja mjini hana ndugu. Anafundisha shule ya serikali. Na unajua sheria waliyoiweka wakoloni, mtu anayekula mshahara wa serikali akionekana kwenye mambo ya chama kinachodai uhuru, kazi hana. Askari akakirudisha kikombe polepole, akasema watu husema kwamba baada ya uji hapa huongelewa mambo ya chama, na kwamba mkutano bila kibali ni kosa, na kwamba yeye hapendi kuwasumbua watu wa dini. Kisha akaitazama leseni ukutani kwa muda mrefu. "Inakwisha karibuni," akasema. "Jumamosi nitakuja kuchukua taa. Uniandalie na majina. Wewe ni mtu wa hesabu, hutakosea."

Hakuhitaji hata niandike, Mama. Majina yalikuwa yamekaa pale ukutani mbele ya macho yake, nimeyaandika mwenyewe, kwa msumari, kwa uchoyo wangu. Humo mna Hosea, mna mtunza dawa wa hospitali, mna watu wawili wa reli na karani wa boma. Watano. Watano wenye watoto kumi na wanane, nimehesabu. Saidi naye, kuli, aliyejifunza kusoma jina lake kwenye kitako cha kile kikombe, akawa analipapasa kwa kidole kila Jumapili, jina hilo hilo ndilo la kumpeleka ndani.

Tangu Jumatatu sijala vizuri. Nimejigonga kidole gumba mara tatu, mimi ambaye sijajigonga tangu ujana. Mbwa akibweka nanyanyuka. Mtu akipita na baiskeli akapunguza mwendo, naweka nyundo chini. Na kuna jambo jingine ambalo sikuwa nimekusudia kukwambia. Siku tulipokuosha, nilifungua kitabu chako cha sala nikakuta kadi ya chama, imekunjwa, mahali pa sala za jioni. Sikuwa najua kama unayo. Niliitia motoni siku hiyo hiyo, kabla hata Bi Mwanaidi hajarudi na sanda. Niliogopa. Nisamehe. Ile ilikuwa yako, nami ndiye mtu wa kusema kila kitu kina mwenyewe.

Nilikuwa nikikwambia dini ni dini na siasa ni siasa, usivichanganye kama unga na mchanga. Padre alipohubiri kwamba Mkristo humtii mwenye mamlaka, mie niliitikia kwa kichwa, wewe ulikohoa. Njiani ukasema padre ni mtu mwema na amesema nusu. Ukasema kila asubuhi tunapiga magoti tunaomba ufalme wa Mungu uje, na mtu anayeomba ufalme mwingine uje amekwisha kukiri kwamba huu uliopo haumtoshi. Kisha ukampelekea padre mayai sita, kwa sababu alikuwa na mafua. Nilikuona una mambo mawili yasiyopatana. Sasa nadhani lilikuwa moja. Uliona kwamba mtu mwenye njaa hakai na njaa kwa bahati mbaya tu, kuna aliyepanga. Basi mwenye njaa ukampa uji, na kwenye kadi ya chama ukatia dole gumba kumpinga aliyepanga.

Nakumbuka na ile siku ya kodi. Askari wawili waliingia uani kuwatafuta wasio na tiketi, watu wakawa wanatazama ukuta waruke. Wewe hukuacha hata mwiko. Ukamwambia yule mkubwa, "Hapa sina waliolipa wala wasiolipa, nina wenye njaa. Wewe uko upande gani?" Ukamjazia kikombe. Alikunywa viwili, akafuta sharubu, akamwita mwenzake wakaenda zao. Mie nilikuwa nyuma ya mlango, nina tiketi yangu mfukoni, nimelipa.

Jumanne jioni nilimwendea Hosea nikamwambia yote. Nilidhani atanitukana. Aliuliza tu kama Jumapili kutakuwa na uji. Nikamwambia asije. Akasema, "Kaka, mie shuleni nafundisha watoto wawe wakweli. Nikianza kujificha na kikombe changu, Jumatatu nitaingiaje darasani?" Nikakasirika zaidi. Mmewaharibu watu, Mama, wewe na sufuria lako. Hawaogopi vizuri.

Basi kwa kuwa hamniachii nafasi, nimefanya hesabu. Ubavu mmoja wa debe unatoa vitako sita, debe lina mbavu nne, kwa hiyo madebe mawili yanatosha na vinabaki kumi na kimoja. Jumatano asubuhi nilishusha vikombe vyote vyenye majina, nikaanza kuyeyusha lehemu na kuving'oa vitako. Hosea nikamtupa makaani. Saidi nikamtupa makaani, na hapo mkono ulikuwa mzito. Nikakata vitako vipya. Ningeviacha vitupu yangekwisha, lakini yule mtu ameshasoma jina moja, akikuta vikombe vitupu atajua nimefuta, na mtu anayefuta ana anayemficha.

Kwa hiyo nimechukua ule ule msumari nikagonga DAMIANO. Jina langu lina matundu sitini na matatu. Mara vikombe thelathini na saba, ni nyundo elfu mbili mia tatu thelathini na moja. Nimemaliza leo asubuhi, sikio bado linalia. Kesho akigeuza cha kwanza atasoma Damiano. Akigeuza cha thelathini na saba, Damiano. Akiuliza wenyewe wako wapi nitamwambia vikombe ni vyangu, unga ni wangu, ua ni wangu, na kama pana kosa mwenyewe ni mimi. Bi Mwanaidi aliingia akaviona vimekaa kwa mstari, akageuza viwili vitatu, akapiga kelele ya kicheko: "Mchoyo huyu jamani, sasa kaandika vyote vyake." Kisha akageuza cha nne. Akakaa chini kwenye mkeka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Sijawa jasiri, Mama, usije ukawatangazia wenzako huko. Angalia mwandiko ulivyopinda. Huenda wakaninyima leseni, na duka ndilo mke niliye naye. Huenda wakanichukua. Nimekwisha kumpa Bi Mwanaidi ufunguo wa ghala na kumwambia unga ulivyobaki, pishi ishirini na nne, Jumapili nane, asije akanipikia wali wa sifa.

Wanatoka msikitini, nasikia viatu. Yabidi nifungue mlango nitengeneze taa yake, maana kazi ya mtu haina kosa, itakuwa haivuji.

Lala, Mama. Nakuaga kama ulivyokuwa ukiniaga mie nikienda Kariakoo, bila maneno mengi, mkono kichwani. Nakuahidi moja tu, kwa sababu ahadi nyingi hazitimizwi. Jumapili moto utawaka, nikiwepo au nisiwepo. Na kikombe chako sikukigusa. Kipo pale pale mwisho wa mstari, hakina jina. Kesho yule mtu akimaliza kugeuza na kusoma, kama atakuwa na njaa, nitamteremshia hicho.

Mwanao,
Damiano